Vidole Vinne

Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama
nimefungua kasha. Naftalini ikanipiga usoni.
Mifarishi saba, yote nyuso tu,
haina tumbo wala mgongo:
viraka vilivyoungwa, vikapigwa pasi,
vikakunjwa kwa ahadi ya kesho.

Kesho ya mwaka gani, sijui.

Huu wa kaniki na bafta niliuacha
siku mkanda wa cherehani ulipokatika
na mkanda mwingine haupatikani mpaka Mombasa.
Huu wa sare za shule,
kola za Mbaraka, marinda ya Zuhura,
bluu iliyofuliwa mpaka ikasahau jina lake,
niliuacha kwa uvivu. Nisiseme uongo, mwezi u karibu.

Huu wa kanga ndio unaonichekesha.
Nilikata bila kusoma, nikaunga bila kusoma,
sasa majina yameoana ovyo:
HASIDI HANA kashikana na RADHI ZA MAMA,
SINA SIRI kapakana na CHUMBANI KWANGU,
na pembeni, peke yake, kipande cha shubiri moja:
LAKINI.
Nimeutia sufi, nikaupa mgongo wa marekani,
nikaupiga bandi sakafuni, magoti yakilalamika.
LAKINI nimemwacha palepale.

Wa saba ndio kesi.
Wa saba ni nusu.

Tuliuanza wawili, mimi na Mwantumu,
mume mmoja, ua mmoja, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Moja,
yeye akitoka kulia, mimi kushoto,
tukutane katikati kama wajenga reli.
Hatukukutana. Siku ya ugomvi
(wa ndoo ya maji, Mungu shahidi, ndoo tu)
alishika mkasi, akakata penye mshono,
akafungasha upande wake, akarudi kwao Pangani.
Mume alikufa chini ya blanketi la dukani.

Juzi bintiye, Saumu, kashuka kwenye baiskeli mlangoni,
mfuko wa rambo mkononi.
"Mama aliacha neno: mpe mwenyewe."
Hakusema mwenyewe wa nini.

Nimetandaza nusu zote mbili.
Nikavaa miwani nitafute makosa yake,
ile mishono mirefu niliyokuwa nikiiita
hatua za mwizi.
Nikakuta ameirudia. Pote.
Mishono midogo kama punje za uwele,
mstari juu ya mstari wa zamani.
Miaka kumi na tisa alikuwa akikazia
nusu ya kitu kisichofunika hata mtoto.
Yangu, niliyojisifia, imefumuka pawili.

Na hazikutoshana.
Pengo la vidole vinne, juu mpaka chini.
Kitambaa hurudi kikifuliwa;
kipi kilichorudi, changu au chake,
nimeacha kuuliza.

Nimekwenda kwa fundi Shekue na ndoo tupu,
akanijazia mabaki ya chini ya meza yake:
shiti, kitenge, hariri ya uongo,
mfuko wa koti la mtu, bado una kitufe.
Nikachagua utepe wa rangi ya bizari,
gauni la arusi nisiyoalikwa.
Vidole vinne hasa. Nikaupitisha katikati,
subana ikigonga sindano, tik, tik,
mpaka mwadhini akanikumbusha kuwa nina njaa.

Niliapa sianzi mpya mpaka saba iishe.
Huyu wa saba hajapata hata pindo,
na tayari nimemwaga ndoo juu ya mkeka,
nyekundu huku, kijani kule,
zisizo na rangi maalumu nazo zina fungu lao.
Nimeona mfarishi usio na mpango,
mrefu kupita kitanda, wa kitanda gani sijui.

Saumu kasema atakuja Jumamosi.
Nimemwambia aje na mkasi wake.
Safari hii tunaanzia katikati.